Kidoti cha Shavu la Kulia

Kwa Gligor, mchora ikoni, zile picha za watakatifu juu ya kioo, watu hawakuhesabiwa kwa macho. Juu ya jiko la udongo ilining'inia kamba ya katani yenye mafundo manne, na kila alipopakua ugali wa mahindi Salomia, binti yake mkubwa, aliipapasa kwanza ile kamba, fundo moja bakuli moja, ndipo akachukua mwiko. Fundo la kwanza lilikuwa la baba yake. La pili lake mwenyewe. La tatu la mdogo wake, Todora. La nne lilikuwa la bibi mmoja aliyekaa kwenye benchi nyuma ya jiko, na bila ile kamba bibi huyo angekuwa amekufa njaa siku nyingi, tena katikati ya watu wanaompenda.

Tuelewane mapema: hakuwa mzimu. Ulimwona vizuri, kitambaa chake cheusi, soksi zake za sufu, vidole vyake vikiambua maharage. Ila ukigeuza shingo tu umemsahau, na ukimtazama tena ni mgeni. Aliitwa Nastasia, shangazi yake Gligor. Mwaka wa kipindupindu alitoa uso wake ukaingia kwenye kioo, na mpaka leo uko kanisani kwetu, msichana wa miaka kumi na tisa katika nguo za Mama wa Mungu, wala hakuna mtu bonde zima asiyeujua. Kipindupindu kilikoma wiki ile ile. Naye mwenye uso aliporudi nyumbani alikuta mama yake amefunga mlango, na mama akamuuliza kupitia dirishani anamtaka nani.

Wiki ya pili ya Kwaresima, theluji ikiyeyuka na njia zote zikiwa tope, Precup mkuu wa kijiji aliingia kwa Gligor bila kubisha hodi, akavua kofia, akaenda moja kwa moja kwenye benchi la nyuma ya jiko akamkalia Nastasia.

"Samahani mama," akasema akiinuka upesi. "Sikujua wana mgeni."

"Mgeni wa miaka hamsini," akasema Nastasia.

Precup alicheka kwa adabu, akahamia kwenye kigoda, na kabla hajaketi vizuri alikwisha kumsahau.

"Gligor, watoto saba."

"Nimesikia sita."

"Sita ni jana. Wa saba tumemzika asubuhi hii." Alikuwa na udongo kwenye kucha, na alipoona Gligor hawezi kuuona akaacha kuuficha. "Na Anutsa, mjukuu wangu, koo limeanza kuziba. Anavuta pumzi kama mtu anayepasua mbao kwa msumeno. Daktari wa mjini alikuja akatuambia tuchemshe vijiko. Tumechemsha vijiko mpaka vimepinda. Padri amesoma mpaka sauti imemkauka. Tumekaa wazee, tumeona kilichobaki ni kioo."

"Kioo kinakula mtu, Precup."

"Ndiyo maana nimekuja kwako, sikwenda kwa fundi viatu. Una mabinti wawili."

Salomia alikuwa mezani, anapaka dhahabu mbingu ya Mtakatifu Ilia. "Na wewe mzee una mabinti watatu," akasema bila kuinua kichwa.

"Wangu si wa nyumba ya wachoraji. Kioo hakipokei uso wa nyumba nyingine, muulize baba yako." Halafu Precup akamwinamia Gligor, akashusha sauti kidogo tu, kiasi cha kuonyesha kwamba ameishusha. "Mdogo ana mchumba, Nechita, kijana mwenye kondoo wake mwenyewe. Huyu mkubwa anaingia ishirini na nane. Sisemi kitu. Nasema tu kwamba kila mtu ataelewa."

"Mimi nipo hapa, mzee," akasema Salomia.

"Najua upo, binti yangu. Ndiyo maana nakusifu."

"Hujanisifu."

"Nilikuwa nakuja huko."

Gligor hakusema ndiyo wala hapana. Miaka sita sasa macho yake yalikuwa na ukungu, haoni mstari mwembamba kuliko kamba. Ikoni zote zilizotoka nyumba ile zilichorwa na Salomia, na nyuma ya kila moja, kwenye ubao, liliandikwa jina la Gligor, tena kwa mkono wa Salomia huyo huyo. Minadani watu walizigusa wakasema mkono wa mzee bado imara. Todora, aliyezibeba mgongoni mnada hadi mnada, aliwajibu kwamba mzee hunywa maziwa mengi.

"Mkono utabaki," Precup akamwambia Gligor alipokuwa akivaa kofia. "Ataendelea kuchora, hamtalala njaa. Kinachokwenda ni uso tu."

"Uso tu," akasema Salomia.

Todora alikuwa uani, amechuchumaa mbele ya banda akisaga rangi nyekundu juu ya jiwe. Alikwisha kusikia yote. Nyumba zetu ni za fito na udongo, hazihifadhi siri.

"Nitatoa mimi," akasema.

"Wewe una Nechita."

"Nechita ana kondoo themanini na masikio kama majani ya kabichi. Atapata mwingine kabla ya Pasaka."

"Unampenda."

"Nampenda, ndiyo. Kwani nimekataa?" Todora akavunja yai, akamwaga ute chini, kiini akakichanganya na rangi. "Sogea, unanizibia mwanga."

Lile neno la kwanza Salomia hakuligusa tena, kana kwamba hakulisikia. Alikaa juu ya gogo. Alikuwa na hasira, na kilichomuumiza zaidi ni kwamba hakujua amkasirikie nani. Precup ana mjukuu anayekufa. Baba yake haoni. Todora hana kosa. Hata ile hasira haikuwa na mahali pa kukaa.

"Unajua kinachonikera?" akasema. "Wangeniuliza, ningekubali. Naapa ningekubali. Mimi hao watoto nawajua, nimewabeba. Lakini hakuna aliyeniuliza. Wanachagua kama watu wanaotaka kuchinja kuku. Huyu hatagi, basi huyu."

"Haya, mimi nakuuliza. Dada, utatoa uso wako kwa ajili ya watoto wa watu?"

"Hapana."

Todora akaendelea kusaga.

"Ndiyo," akasema Salomia.

"Ndiyo au hapana? Rangi inakauka."

"Nimesema ndiyo. Na hiyo nyekundu bado ina mchanga, saga vizuri."

Todora aliacha jiwe akamkumbatia, mikono yake ikaacha rangi mgongoni mwa blauzi nyeupe ya dada yake, na Salomia akalalamika kwamba ile ndiyo blauzi ya kanisani.

Walifanana hawa wawili kuliko kawaida ya ndugu. Kati yao ilikuwapo miaka mitano, lakini pua ni moja, kidevu kimoja, hata kucheka kumoja. Mama yao enzi za uhai wake aliwatambua kwa kidoti: Salomia anacho shavu la kushoto, Todora shavu la kulia. Kwenye ngoma ya Jumapili, mwaka uliopita, Nechita alipita katika umati akamshika Salomia mkono, akakiona kidoti kiko upande mwingine, akauachia kwa haraka, akaomba radhi. Watu walicheka, na Salomia alicheka nao. Ile haraka aliikumbuka kwa muda mrefu.

"Nitakupakulia kila siku," akasema Todora. "Sitakusahau."

"Hata mimi nampakulia Nastasia kila siku. Na kila siku namuuliza jina lake."

"Mimi simuulizi."

Kweli, hakuwa akimuuliza. Todora naye alimsahau yule bibi kila alipogeuka, sawa na wengine wote. Lakini alikuwa mtu wa kumpa ukoko wa ugali yeyote atakayemkuta nyuma ya jiko, akamwita shangazi, akampigia soga, kwa hiyo kwake mgeni na mwenyeji hawakuwa na tofauti kubwa.

Ikoni zetu huchorwa mgongoni mwa kioo na kutazamwa mbele yake, basi kila kitu huenda kinyume. Wanachoweka mwisho wachoraji wengine, sisi huanza nacho: mistari, kope, kidoti. Nguo hufuata. Mbingu huja mwisho kabisa. Ukikosea mwanzo umekosea moja kwa moja, kwa kuwa yote mengine yatalala juu ya kosa lako. Na pande hugeuka. Unachokiona kulia kiweke kushoto, unachokiona kushoto kiweke kulia. Gligor alimfundisha Salomia hivyo tangu ana miaka saba, kwa neno moja na mwiko mmoja. Neno lilikuwa "geuza". Mwiko ulishuka kwenye vidole. Baada ya miaka ishirini Salomia hakufikiri tena, mkono uligeuza wenyewe.

Nyumba haikuwa na kioo cha kujitazamia. Salomia alijaza ndoo maji, akaiweka juu ya kigoda karibu na dirisha, akangoja yatulie. Hakuwa amejitazama kwa muda mrefu. Majini alimwona mwanamke mwenye nyusi nzuri na shingo nzuri, na jambo hilo lilimuudhi, maana angependa kuligundua siku nyingine.

Alimchora Mtakatifu Varvara, mlinzi wa watoto, amesimama na kikombe mkononi. Alichovya unyoya wa bata bukini katika wino wa masizi akaanza na pua, akaja kidevu, akaja midomo. Kisha kidoti. Majini kilikuwa upande wa kushoto. Mkono wake ukageuza kama ulivyofundishwa, ukakiweka kulia.

Hapo ndipo ninapokosa raha kila nikisimulia habari hii. Maji yalikuwa yameshageuza. Mtu akijitazama majini pande zake zimekwisha kupinduliwa, hatakiwi kupindua tena. Lakini nani angemwambia? Bonde letu halikuwahi kuwa na mchoraji aliyejichora mwenyewe. Nastasia alichorwa na baba yake, aliyemtazama usoni, akageuza mara moja, akapatia. Salomia aligeuza juu ya kilichogeuzwa. Akakipuliza kidoti kikauke, akaendelea na kope.

"Umegeuza?" Gligor akauliza kutoka kitandani.

"Nimegeuza, baba."

"Vizuri."

Kesho yake mchana Precup alirudi na wazee wawili, miguu yao ina tope hadi magotini. Anutsa alikuwa hajafa, hilo ndilo alilosema badala ya salamu. Desturi ni kwamba ikoni ya namna hii haipinduliwi mpaka wabebaji wawepo, na uso huondoka pale ikoni inapovuka kizingiti cha nyumba. Salomia alikwisha kupigilia ubao wa nyuma. Alikwisha kuandika pale jina la Gligor pia. Alifikiri kidogo juu ya jina lile, akaliacha. Halafu akaipindua ikoni juu ya meza.

"Ni yeye hasa," akasema Precup, akapiga ishara ya msalaba. Hakuwa mtu wa kutazama vidoti.

Salomia alitazama. Pua ni ile, kidevu ni kile, na kidoti kilikuwa shavu la kulia. Mtakatifu aliyelala mezani alikuwa Todora.

Alielewa yote mara moja: ndoo, maji, mkono. Kioo kingine hakikuwapo nyumbani. Watengeneza kioo wako msituni, siku mbili kwenda na siku mbili kurudi, na Anutsa hakuwa na siku nne. Hata hivyo kusema ilikuwa lazima aseme. Alifungua mdomo. Ndipo kikapita kifuani mwake kitu ambacho hakumwambia mtu maisha yake yote: alihisi nafuu. Ilikuwa nafuu ya pumzi moja tu, lakini katika pumzi hiyo sauti haikutoka.

Todora naye alikuwa ameona. Miaka mingi alikuwa akizibeba nyuso zile mgongoni na kuzipangusa vumbi, hakuna aliyesoma kioo kama yeye. Akasogea karibu na dada yake, akamkanyaga mguu kwa nguvu.

"Mnangoja nini?" akawaambia wanaume. "Mtoto anawangoja. Au mnataka kwanza mpikiwe chai?"

"Todora," akasema Salomia.

"Nyamaza, dada. Nilisema tangu jana nitatoa mimi, ukajifanya hukusikia."

Precup alikuwa tayari ameinua ikoni kifuani, anaibeba kama mtu anayebeba beseni lililojaa. Akavuka kizingiti. Hakukuwa na radi wala upepo, kuku mmoja tu alimpisha mlangoni. Todora alipangusa mikono kwenye aproni yake, akageuka kuwatazama waliobaki. Gligor, kitandani, alimwelekezea macho yake yenye ukungu, akatega sikio kwa mwendo wa miguu yake.

"Salomia," akasema kwa upole, "mbona hukuniambia tuna mgeni? Mpe kiti."

Jioni ile Anutsa alikunywa maziwa. Mtoto wa nane hakuzikwa. Jumapili kanisa lilijaa mpaka nje, na wanawake walipanga foleni kubusu kioo, wakasema wamepata kuona ikoni lakini si kama hii, mkono wa Gligor umebarikiwa.

Precup alileta asali na jibini zima la kondoo. Alimtazama Salomia sana, akaonekana kama mtu anayetafuta kitu mfukoni.

"Lakini wewe nakuona," akasema. "Nakukumbuka vizuri."

"Ndiyo, mzee."

"Basi nani alitoa?"

"Mdogo wangu, Todora."

"Ah. Mungu ambariki. Alikuwa binti mwema?"

"Amesimama hapo. Ndiye anayekata jibini lako."

Precup alimwinamia Todora kwa heshima kubwa. Alisema maneno mazuri juu ya ujasiri, na nadhani aliyasema kwa moyo. Alipofika mlangoni aligeuka akauliza kama Gligor aliwahi kuwa na mtoto mwingine.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila mahali. Salomia alisema kisimani, akasema kanisani, akasema kwa mke wa padri. Watu walitikisa vichwa kwa huruma, ndiyo, mdogo wako, masikini, na ile huruma ilidumu muda wa kuvuka barabara. Wengine walianza kunong'ona kwamba kukaa bila mume kumeanza kumpanda kichwani. Nyumbani, ukimwacha Salomia aliyeuchora uso ule, aliyemtambua Todora bila kukumbushwa alikuwa mmoja tu.

"Wewe ndiye wa ukoko," Nastasia alimwambia, akisogea kwenye benchi kumpa nafasi. "Keti. Hapa pana joto. Ubaya wake ni kukaliwa na watu."

"Na uzuri wake?"

"Hakuna anayekuja kukuazima kitu."

Todora alicheka sana. Salomia aliyekuwa mezani aliona wanamcheka yeye, akatoka nje akapasua kuni ambazo hazikuhitajika.

Nechita alikuja wiki ya pili baada ya Pasaka, amenyoa, amebeba shali jekundu la sufu kwenye mkono. Todora ndiye aliyemfungulia. Kijana akampa kofia yake bila kumtazama, kama mtu anayetundika kofia msumarini, akaenda kumwamkia mzee.

"Mzee Gligor, sitazunguka. Nimekuja kwa ajili ya binti yako. Tangu mwaka jana nina mtu moyoni, nikifumba macho namwona kwenye ngoma, anacheka. Jina limenipotea, sijui nimepatwa na nini. Lakini kila Jumapili namwona kanisani kwenye ile ikoni mpya. Nikajiambia, uso ule utakuwa wa nani kama si wa nyumba ya Gligor? Na wewe binti unaye mmoja."

"Ninaye mmoja," akasema Gligor, na furaha ilimfanya akohoe. "Nilidhani hamtakuja kabisa. Salomia, mmiminie kijana."

Salomia hakuinuka. Aliyemimina pombe ya matunda ya plamu alikuwa Todora. Nechita alipokea bilauri, akanywa, akamkazia macho Salomia, akakunja uso.

"Nilidhani kidoti chako kiko upande huu," akasema, akagusa shavu lake mwenyewe la kulia.

"Hicho ni cha mdogo wangu."

"Una mdogo?"

"Ndiye aliyekupa hiyo pombe."

Nechita aliitazama bilauri. Salomia akasimama, akamvuta Todora, akautia mkono wake katika mkono wa kijana. "Huyu hapa. Mtazame, usitazame pembeni. Anaitwa Todora. Mwaka jana ulimnunulia utepe wa kijani mnadani, akausema vibaya mbele ya watu, akauvaa wiki nzima."

Nechita alimtazama. Kwanza hakuona kitu. Kisha alikiona kidoti, na masikio yake makubwa yakaanza kuwa mekundu, na midomo yake ikatafuta jina, ikapata mwanzo wake.

"Todo..."

"Naam," akasema Todora. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Kwaresima sauti yake kukatika.

"Mbona mmenyamaza?" akauliza Gligor kutoka kitandani. "Kijana, umekubali au hukukubali? Sema na mimi."

Nechita alilelewa vizuri na wazazi wake. Kijana wa kwetu hamjibu mzee akiwa amempa kisogo. Akageuza shingo, akasema, "Nimekubali, mzee." Alipoirudisha shingo alikuta mkononi mwake mkono wa mwanamke asiyemjua. Akauachia kwa haraka, akaomba radhi.

Todora alichukua debe la pumba akaenda kuwalisha bata bukini.

"Chukua shali lako," Salomia akamwambia kijana. "Nenda nyumbani. Hukuja kwangu."

Nechita alikwenda, na mpaka anafika kwenye kijito hakujua vizuri amekataliwa na nani. Gligor alipiga ukuta kwa ngumi.

"Miaka yote nangoja mtu apite mlango huu. Anapita, unamfukuza. Una akili wewe?"

"Alimtaka mwingine, baba."

"Alimtaka binti yangu. Nina wangapi?"

Jibu Salomia alikuwa nalo, lakini alikwisha kulitoa mara nyingi mno, na sasa lilimchosha kulibeba tu. Akachukua kioo kipya. Akatoka uani akamwita Todora, akamketisha karibu na dirisha, uso kwa uso, akachovya unyoya, akageuza mara moja. Tangu siku ile kila mtakatifu aliyetoka nyumba ile alikuwa na kidoti shavu la kulia. Alikuwa nacho Paraskeva, walikuwa nacho malaika, hata Nikola alikuwa nacho juu kidogo ya ndevu. Wanunuzi walilalamika kwamba Mtakatifu Nikola hakuwahi kuwa na kidoti. Salomia, ambaye sasa alizibeba ikoni mwenyewe, aliwajibu kwamba wa kwao anacho.

Nastasia alikufa plamu zilipoiva. Padri alisahau mara mbili anamzika nani, na mara zote mbili Todora alimnong'oneza jina, akashukuru, akaendelea. Waliporudi kutoka makaburini Salomia alivua viatu, akasimama kwenye jiko, akafungua fundo moja kwenye ile kamba. Yakabaki matatu.

Asubuhi yake Gligor aliamka mapema. Alikuwa bado na kengele za maziko masikioni, akakumbuka kwamba shangazi yake hayupo tena, akaona si vizuri kumwachia Salomia kazi ile ya uchungu. Akajikongoja hadi kwenye jiko, akaipapasa kamba, akafungua fundo la marehemu. Akapiga ishara ya msalaba, akarudi kitandani. Yakabaki mawili.

Salomia alipika ugali. Aliipapasa kamba, akapakua mabakuli mawili, akambebea baba yake la kwanza, akaketi na lake. Walikuwa wameanza kula mlango ulipofunguka. Mwanamke mmoja aliingia na ndoo ya maji, akaitua juu ya kigoda karibu na dirisha, akasimama akiitazama meza.

"Karibu, mama," akasema Salomia. "Unamtafuta nani?"

Mwanamke alitazama juu kwenye kamba, akayahesabu yale mafundo mawili kwa kidole, polepole. Kisha akanyoosha mkono rafuni, akashusha bakuli, akakwangua ukoko chini ya sufuria, akaja akaketi mezani.

Salomia alikereka. Mgeni gani huyu anajua mabakuli ya watu yanakaa wapi? Akaweka kijiko chini amtazame vizuri, amkaripie. Akaona kidoti. Kilikuwa shavu la kulia, chini kidogo ya jicho, na yeye alikwisha kukichora mara thelathini. Vidole vyake vilikijua kabla yake. Vilianza kusogea vyenyewe juu ya meza, kama vimeshika unyoya.

"Todora," akasema.

"Naam, dada."

"Nimekusahau."

"Kidogo tu," akasema Todora. "Kula, ugali unapoa."